Tafsida na Istilahi: Uhakiki wa Lugha Inayotumika kwa Wanawake Waliotibiwa Saratani ya Shingo ya Kizazi kwa Mionzi

Utangulizi

Katika kazi ya istilahi tumezoea kujiuliza maswali mawili: je, neno linalopendekezwa ni la Kiswahili fasaha, na je, linawakilisha dhana sawasawa? Makala haya yanakusudia kuongeza swali la tatu, ambalo kwa maoni yetu halijapewa uzito unaostahili: je, neno hilo linapotoka mdomoni mwa muuguzi, linafika wapi katika masikio ya anayeambiwa? Tumechagua kulijibu swali hilo kwa kuchunguza uwanja mmoja mwembamba, nao ni lugha ya maelezo wanayopewa wanawake baada ya kutibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi, hasa yale yahusuyo maisha yao ya unyumba.

Uwanja huu ni mwembamba, lakini wahusika wake si wachache. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wa Tanzania. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 waliugua upya nchini katika mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, hata upasuaji peke yake hauwafai tena, na tiba kuu inakuwa ile ya mionzi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali pake ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ambayo Wajerumani walianza kuyajenga ufukweni katika miaka ya 1890.

Kuhusu kinga ya ugonjwa huu lugha imejitahidi. Tangu chanjo ya virusi vinavyousababisha ilipoanza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwezi Aprili 2018, maneno kama chanjo, uchunguzi na dalili za awali yamesikika redioni, shuleni na misikitini. Lakini mwanamke aliyekwisha kuugua, akatibiwa na kurudi nyumbani, hukuta lugha imemwishia njiani.

Tumependa kuipima lugha hiyo kwa masikio ya Buguruni. Buguruni ni kata ya Wilaya ya Ilala, panapokutana Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela. Wazaramo wenyeji wamechanganyika huko na watu wa mikoa yote, na Kiswahili ndicho wanachouzia sokoni, wanachogombana nacho na wanachooana nacho. Wengi huishi katika nyumba ya Kiswahili ya kupanga, yenye ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani pamoja na choo pamoja. Ndugu wa mikoani wanaokuja mjini kutibiwa nao hupokelewa katika vyumba hivyo hivyo. Katika nyumba kama hiyo jambo la siri husemwa kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, kwani ukuta una masikio. Istilahi itakayoeleweka na kutamkika huko ina matumaini ya kueleweka na kutamkika mahali pengine pengi.

Jambo linaloelezwa

Mtafsiri hawezi kuhakiki neno asilolijua jambo lake. Kwa hiyo yafaa tueleze kwanza, kwa ufupi, kinachotendeka.

Tiba ya mionzi kwa ugonjwa huu kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mgonjwa hulala chini ya mashine ambayo huelekeza mionzi kwenye nyonga yake kwa dakika chache, siku tano kwa wiki, mara 25 hivi kwa jumla. Mara nyingi tiba hii huambatana na dripu ya dawa ya saratani mara moja kwa wiki. Katika sehemu ya pili vifaa vyenye uwazi kama mirija huwekwa ndani ya uke hadi kwenye shingo ya kizazi na mji wa mimba, na chanzo kidogo cha mionzi husukumwa kupitia mirija hiyo, kikakaa muda wa dakika kadhaa, kisha kikarudishwa katika kasha lake. Vifaa huondolewa. Hapana kinachobaki mwilini, na mwanamke hana mionzi ya kumwambukiza mtu yeyote.

Mionzi inayoua saratani haiachi kugusa vilivyo jirani. Ovari hukoma kufanya kazi. Kwa hiyo hedhi hukoma, uwezo wa kushika mimba huisha, na mwanamke wa miaka 30 huweza kupata joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu wa uke kama mtu wa miaka 50. Ukuta wa uke hupungukiwa na damu na ute, huwa mwembamba, kisha hukakamaa kwa makovu. Uke huweza kufupika na kuwa mfinyu, na kuta zake kushikamana. Matokeo yake ni maumivu wakati wa kujamiiana, damu kidogo baada yake, hofu, na hamu kupotea. Mengine huanza katika wiki za tiba, na mengine hujitokeza baada ya miezi au hata miaka.

Yapo yanayosaidia. Kuna kifaa laini chenye umbo la mche mviringo, cha ukubwa wa namna mbalimbali, ambacho mwanamke hujiingizia mwenyewe ukeni ili kuta zisishikamane. Huanza kukitumia wiki chache baada ya tiba kwisha, vidonda vikishapoa, mara mbili au tatu kwa wiki, na huendelea kwa miezi mingi. Kuna jeli ya kuleta utelezi. Kuna dawa za homoni ambazo daktari huweza kuziandika. Lakini kila kimojawapo chahitaji kutajwa kwanza, na hapo ndipo tunapoingia sisi watu wa lugha.

Sentensi moja

Tuchukue sentensi moja kwa mfano. Hatukuinukuu popote, tumeiunga sisi wenyewe kwa misemo inayotumika kila siku katika maelezo ya afya, ili tusimwonee mtu:

«Baada ya kuchomwa mionzi, mgonjwa anaweza kupata mabadiliko katika sehemu za siri, ikiwa ni pamoja na kubana na kufunga hedhi, anashauriwa kuendelea na tendo la ndoa kwa ushirikiano na mwenza wake, na kuhudhuria kliniki ya afya ya uzazi.»

Sarufi ya sentensi hii haina kasoro. Ni ya heshima, ingepita katika ofisi yoyote, na mkaguzi wa lugha angeitia sahihi. Hata hivyo twaona kuwa imemkosesha mwanamke wa Buguruni kila alichohitaji kujua. Tuitazame neno kwa neno.

«Kuchomwa mionzi.» Kitenzi choma kina kazi mbili kubwa: kuunguza na kudunga. Huchomwa nyama, na huchomwa sindano. Mgonjwa anayeambiwa atachomwa hajui ni lipi kati ya hayo, na mume anayesikia mkewe «amechomwa ndani» hufikiri moto uliobaki. Hofu ya kwamba mwanamke aliyetibiwa aweza kumuunguza au kumwambukiza mwenziwe haitokani na ujinga mtupu; kitenzi chenyewe kimeipanda. Afadhali tuseme «kutibiwa kwa mionzi». Kwa sababu hiyo hiyo twatilia shaka msemo «mionzi ya ndani» unaotumiwa kwa sehemu ya pili ya tiba. Kilicho ndani, kwa desturi ya lugha, ni kilichomo. Kinachotofautisha tiba hiyo na ile ya kwanza ni kwamba chanzo huletwa karibu na uvimbe. Basi na iitwe «mionzi ya karibu».

«Sehemu za siri.» Hii ni tafsida kongwe, na mahakamani au shuleni ina manufaa yake. Ila haina mipaka. Inajumlisha vya nje na vya ndani, njia ya mkojo, na kwa wengine hata njia ya haja kubwa. Mwanamke huyu, ambaye mionzi imegusa kibofu, uke na utumbo kwa viwango mbalimbali, anatakiwa arudi kueleza damu imetoka wapi. Tukimpa neno moja kwa njia tatu, tumemnyima uwezo wa kujibu swali la daktari.

Neno «uke» lipo, nalo ni sanifu. Ugumu wake ni kwamba limebeba maana mbili, kiungo na hali ya kuwa mwanamke au mke, hivi kwamba «uke wake umeharibika» husikika kama hukumu juu ya nafsi yake yote. Vivyo hivyo «kizazi» ni mji wa mimba, ni uwezo wa kuzaa, na pia ni watoto na wajukuu. Hatupendekezi kuyatupa maneno haya. Twapendekeza yasitumiwe peke yake na vitenzi vya uharibifu. «Ukuta wa uke umekakamaa» ni habari ya kiungo, ilhali «uke umeharibika» ni habari ya mtu.

«Kubana.» Hapa upo upotoshaji mkubwa, nao hauonekani kwa mtu aliye mezani na kamusi. Katika mazungumzo ya mitaani ya pwani kubana ni sifa. Wapo wanawake wanaotumia shabu na dawa nyingine za kienyeji kwa kusudi la kupata hali hiyo, ingawa dawa hizo huweza kuwaumiza. Mwanamke anayeambiwa kuwa tiba huleta kubana aweza kudhani ameahidiwa neema katikati ya msiba, na mumewe akadhani hivyo hivyo. Maumivu yatakapokuja hatayahusisha na onyo alilopewa, kwa kuwa hakulisikia kama onyo. Neno tunalolihitaji lisiwe na sifa ndani yake. «Ufinyu» latosha: watumishi wa serikali wanalijua kutoka katika ufinyu wa bajeti, na wapangaji wa Buguruni wanalijua kutoka katika ufinyu wa chumba. Hapana aliyewahi kuusifu.

«Kufunga hedhi.» Kilichofungwa hufunguliwa. Sindano za uzazi wa mpango huweza kuifunga hedhi, nayo hurudi zinapoachwa. Mwanamke wa miaka 35 akiambiwa hedhi yake imefungwa, atangoja. Wengine hudhani damu inajikusanya tumboni, na huenda kutafuta dawa ya kuifungua. «Kukoma» ndicho kitenzi chenye ukweli, na «ukomo wa hedhi» ni istilahi ambayo tayari inatumika. Yapasa kuongeza tu chanzo chake: «ukomo wa hedhi uletwao na tiba». Habari hiyo ni nzito, lakini ni haki yake aijue kabla ya tiba kuanza, wakati bado ana nafasi ya kuuliza. Tena iambatane na nyingine: kutoshika mimba si kinga ya maambukizi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya asiye navyo, hana budi kuambiwa kuwa kondomu bado ina kazi.

«Kuendelea na tendo la ndoa.» Kwa maoni yetu hapa ndipo penye moyo wa suala. Msemo huu humtoa nje mjane, aliyeachwa, na asiyeolewa. Hilo ni kosa la wazi, na limewahi kusemwa. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kusudi la mshauri ni kwamba uke usishikamane. Kifaa cha kuzuia jambo hilo kipo, lakini hakina jina lililozoeleka kwa Kiswahili, au jina lake laonewa haya. Kwa kukosa jina la kifaa, sentensi imekabidhi kazi yake kwa mume. Ushauri wa tiba umegeuka kuwa amri ya ndoa. Mwanamke mwenye vidonda vinavyoanza kupoa husikia kwamba hospitali imemwambia asikatae, na mume naye husikia kwamba hospitali imempa haki. Katika chumba kimoja chenye pazia, ni nani atakayetofautisha tena maumivu ya ugonjwa na ukaidi wa mke? Pengo la istilahi hapa halikumchosha mtafsiri peke yake. Limemtwisha mgonjwa mzigo asioupangiwa na daktari yeyote.

«Mwenza wake.» Neno hili limeenea sana katika kampeni za afya, na limekusudiwa kumjumuisha mume na asiye mume. Nia ni njema. Lakini katika Kiswahili cha nyumbani «mke mwenza» ni mke wa pili wa mume mmoja, na ukewenza ni hali inayojulikana, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitambua. Hofu kubwa ya mwanamke asiyeweza tena kuzaa wala kujamiiana bila maumivu ni ipi, kama si kuletewa mwenza? Kumwambia «shirikiana na mwenza wako» ni kumgusa penye donda. Neno «mwenzi» lina ukoo ule ule lakini halina kivuli hicho, nalo latosha kwa mume na kwa asiye mume.

«Afya ya uzazi.» Msemo huu umebebeshwa mambo mawili: kuzaa, na maisha ya kujamiiana. Kwa mwanamke anayezaa mzigo huo hauonekani. Kwa huyu wetu unaonekana mara moja, kwa sababu hatazaa tena. Anapoelekezwa kwenye kliniki ya afya ya uzazi huketi benchi moja na wajawazito na wenye watoto wa kupimwa uzito, kisha hujiuliza amefuata nini. Si ajabu asirudi. Neno lililoandikwa mlangoni limekwisha kumwambia kuwa hapo si pake.

Hoja ya adabu

Yapo majibu ambayo tunayatarajia. Itasemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya adabu, kwamba wazee wetu hawakuyataja mambo haya hadharani, na kwamba muuguzi kijana hawezi kumtamkia mama mtu mzima maneno ya namna hiyo. Hoja hii haifai kupuuzwa. Tafsida si unafiki. Ni sehemu ya uzuri wa lugha, na asiyeijua hajaijua lugha.

Lakini tuangalie tafsida hufanya kazi katika hali gani. Mtu asemapo «amejifungua» au «amekwenda haja», msikilizaji tayari anajua kinachosemwa. Neno limepunguza makali tu, habari haikupungua. Tafsida humfaa anayejua. Mwanamke anayeelezwa madhara ya mionzi hajui. Hakuna shangazi aliyewahi kumsimulia, kwa sababu bibi zake hawakutibiwa kwa mionzi. Kwake yeye tafsida haina cha kufunika, na akitoka kliniki atakuwa na adabu bila habari. Istilahi, kinyume chake, huundwa kwa ajili ya asiyejua. Kuitumia ya kwanza mahali pa ya pili ni kuchanganya kazi za vyombo viwili, ingawa vyote viwili ni vyema.

Isitoshe, si kweli kwamba wazee hawakuyataja. Waliyataja mahali pake. Katika unyago wa Wazaramo na wa watu wengine wa pwani, kungwi na somo walimfundisha mwali habari za mwili wake na za unyumba kwa maneno kamili, kwa nyimbo na kwa vielelezo vya mkononi. Walichokuwa nacho ni utaratibu wa nani amwambie nani, wapi na lini. Sisi tumeurithi ukimya wa hadharani, tukauacha usemi wa ndani. Muuguzi mwanamke mtu mzima aliyefunga mlango yupo, kwa jambo hili, katika nafasi ya kungwi, na lugha yetu haimkatazi kusema. Tena maneno kama ute, utelezi na ukavu ni ya Kiswahili cha wanawake tangu zamani, hayakuhitaji kuundwa.

Yapo pia ya karibu zaidi. Ugonjwa wa UKIMWI ulipobainika nchini, Kagera, mwaka 1983, wengi wasingethubutu kutamka neno kondomu mbele ya wakwe. Haja ililazimisha, neno likatamkwa redioni, na adabu ya Waswahili haikufa.

Maneno yaliyotiwa kivuli

Hata hivyo istilahi nzuri yaweza kutiwa kivuli na mambo ya nje ya lugha, na mtaalamu wa istilahi hana budi kukiona. Mfano ni neno «kilainishi». Kwa muundo halina dosari: kitenzi lainisha, kiambishi ki- cha vitu, na i ya mwisho. Lakini mwezi Julai 2016 Wizara ya Afya ilipotangaza kupiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vilainishi, kwa hoja ya kuzuia mapenzi ya jinsia moja, neno lilienda na tangazo hilo magazetini na vijiweni, likashika maana ya uchafu. Hatuna nia ya kujadili uamuzi wenyewe katika makala haya. Tunachosema ni kwamba mama wa miaka 50 aliyetibiwa saratani, akitumwa duka la dawa kuulizia kilainishi, ametumwa na neno linalomtia aibu asiyoistahili. «Jeli ya uke» yasema kitu ni nini na hutumika wapi, na haina historia hiyo. Iongezwe kuwa iwe ya maji, kwa sababu mafuta ya kujipaka huharibu mpira wa kondomu.

Kuhusu kile kifaa cha kuzuia kuta zisishikamane, tumefikiria majina mawili, «kipanuzi» na «kitanuzi». La kwanza tumeliacha, kwa kuwa wakunga husema njia «imepanuka» wakati wa uchungu, na mwanamke aliyekwisha kuzaa atalihusisha na leba. La pili halina mgongano huo. Kiambishi ki- kinalipeleka katika ukoo wa kipimajoto na kinasasauti, yaani vyombo vya kazi, na hivyo kulitenga na mawazo ya mchezo.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

Mionzi ya nje: tiba itolewayo na mashine iliyo nje ya mwili.
Mionzi ya karibu: tiba ya mionzi ambayo chanzo chake huletwa karibu na uvimbe kwa muda, kisha huondolewa.
Ufinyu wa uke: hali ya njia ya uke kuwa nyembamba au fupi kwa sababu ya makovu.
Kushikamana kwa kuta za uke: kuta mbili kugandana zinapopona.
Ukavu wa uke: kupungua kwa ute.
Kitanuzi cha uke: chombo cha kuzuia ufinyu na kushikamana.
Jeli ya uke: jeli ya maji iletayo utelezi.
Ukomo wa hedhi uletwao na tiba: kukoma kwa hedhi kwa sababu ovari zimeguswa na mionzi au dawa.
Maumivu ya kujamiiana: maumivu yapatikanayo wakati wa kujamiiana au baada yake.
Mwenzi: mume, mke au mtu anayeishi na mgonjwa kinyumba.

Limebaki jina la uwanja wenyewe. «Afya ya kijinsia» limejaribiwa, lakini kwa wananchi wengi jinsia ni kuwa wa kiume au wa kike, basi. Sisi twaelekea kwenye «afya ya unyumba», isimame kando ya «afya ya uzazi» bila kuimeza wala kumezwa nayo. Unyumba ni neno la asili, hutamkika mbele ya watu wazima, na ni pana kuliko tendo: lina ukaribu, maelewano na mapenzi ndani yake. Halifungwi na cheti cha ndoa, maana wasiooana ndio hasa tunaosema wanaishi kinyumba. Udhaifu wake ni kwamba mwanamke aishiye peke yake hajitambui ndani yake kwa urahisi. Mwenye neno bora na alilete.

Sentensi ile, mara ya pili

Istilahi haijulikani ubora wake mpaka iingie katika usemi. Tuirudie basi sentensi yetu, safari hii kama inavyoweza kusemwa na muuguzi kwa sauti ya kawaida:

«Mama, tiba ya mionzi imekwisha, na hapana mionzi iliyobaki mwilini mwako. Huwezi kumdhuru mtu. Ovari zako zimekoma kufanya kazi, kwa hiyo hedhi haitarudi, na hutashika mimba. Uke, yaani ile njia anayopita mtoto, waweza kuwa mkavu na mfinyu, na kuta zake zaweza kushikamana kidogo kidogo katika miezi ijayo. Ili kuzuia hayo kuna kitanuzi. Nitakuonyesha namna ya kukitumia wewe mwenyewe, pamoja na jeli ya uke, na tutakuambia siku ya kuanza. Kujamiiana si dawa, wala si lazima. Utakaporuhusiwa na daktari, na wewe mwenyewe ukiwa tayari, hakuna ubaya. Kukiwa na maumivu, simamisha, na uje utuambie. Ukiona damu nyingi, usingoje. Mwenzi wako akipenda kuuliza, mlete tumweleze sote pamoja.»

Maneno haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, na karani wa uchapaji atalalamika. Hata hivyo hapana neno ndani yake ambalo Buguruni hailijui, isipokuwa kitanuzi, nacho kitaonyeshwa kwa mkono. Hapana tusi. Tena mwenye kutenda katika kila sentensi ajulikana: ovari, kuta za uke, muuguzi, daktari, na juu ya wote mwanamke mwenyewe, ambaye katika sentensi ya kwanza alikuwa anashauriwa tu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa katika uwanja huu kosa la istilahi halibaki kwenye karatasi. «Kubana» limegeuza onyo kuwa sifa, «kufunga» limegeuza ukomo kuwa kungoja, na kukosekana kwa jina la chombo kimoja kumegeuza tiba kuwa wajibu wa mke kwa mume. Warekebishaji wake ni watafsiri wanaoandika vijarida, walimu wanaofundisha wauguzi, na watumishi wanaoidhinisha maneno ya mabango na milango. Tunawaomba kila mmoja, kabla ya kutia sahihi yake, ayasome maelezo hayo kwa sauti ya chini, kama yasomwavyo katika chumba cha kupanga, na kujiuliza ni nini kilichosikika.

Mapendekezo tuliyoyatoa si sheria. Wauguzi na wakunga wanaoongea na wanawake hao kila siku bila shaka wanayo maneno ambayo hayajafika ofisini, na pengine ni bora kuliko haya. Tungefurahi kuyapokea, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika na namna yanavyopokewa, ili yachunguzwe kabla ya orodha yoyote kusanifiwa.